Herufi za Wavuta-Kamba

Mwezi uliopita nilikwenda kuhani msiba wa mzee Galgalo, upande wa Minjila. Nilikaribishwa kwenye mkeka wa wanawake, nikapewa chai ya maziwa mengi yenye harufu ile ya moshi ambayo vibuyu vya Waorma havijaipoteza mpaka leo. Mjukuu wa marehemu, kijana mwalimu mwenye adabu zake, alikuja kunisalimu, kisha akaniuliza polepole mimi na babu yake tulijuana vipi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ni Mpokomo, mkulima na Mkristo. Babu yake alikuwa mfugaji na Mwislamu, na kwa miaka mingi watu wetu wamekutana ukingoni mwa mto huu kwa fimbo na mapanga mara nyingi kuliko kwa chai. Nikamwambia ukweli: “Nilikaribia kumzamisha mtoni, yeye na ng'ombe wake wote. Kwa herufi mbili.” Kijana alitabasamu kama watu wanavyotabasamu mzee anapoanza kuchanganya mambo, akaniongezea chai. Sikumlaumu. Kisa chenyewe ni kirefu kuliko kikombe kimoja, na pale msibani hapakuwa mahali pake. Ndiyo maana nimekaa leo kukiandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda kidogo cha chapa cha misheni pale Garsen. Tulikiita kiwanda kwa heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa mabati, hatua chache kutoka kwenye njia ya kuteremkia feri. Ndani mlikuwa na mtambo mmoja wa kukanyaga kwa mguu kama cherehani, meza ndefu, kamba ya kuanikia karatasi, na makabati ya trei zilizogawanywa vijumba vijumba, kila kijumba na herufi yake ya risasi. Saa sita mchana mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na harufu ya wino ikichanganyika na ya mafuta ya taa tuliyosafishia herufi iliingia mpaka kwenye nywele. Madirisha yalikuwa mawili. La nyuma lilitazama migomba. La mbele lilitazama foleni ya feri, na kwa dirisha hilo nilisikia nchi nzima ikipita: wanawake wakibishana juu ya mikungu ya ndizi, madereva wa malori ya Lamu wakilaani matope, Waorma wakiuza maziwa kwa Kiswahili cha kukatakata kama changu mwenyewe wakati ule. Siku nyingine yalipita malori yaliyofunikwa turubai yakielekea kambi ya wafungwa kule Hola, na foleni nzima ilinyamaza mpaka yapotee. Hakuna aliyeeleza aliyekuwa ndani. Niliyajua zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa jambo lolote nililosikia mtu akisema.

Mwenye kazi alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Kipini, aliyejifunza uchapaji Mombasa. Misheni ilimwajiri ingawa alikuwa Mwislamu, kwa sababu hapakuwa na mwingine mto mzima aliyejua kuufanya mtambo ule ukohoe karatasi. Alichapa nyimbo za kanisani kwa uangalifu uleule aliochapia vitabu vya watoto vya kusomea, na wakati wa swala alinawa wino mikononi kwa majivu na ndimu, akatandika mkeka wake nyuma ya kabati. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao, cha kusema ndoo mahali sisi tunaposema njoo. Mkewe, Bi Mwanaesha, alituletea chakula cha mchana mwenyewe: wali wa mpunga wa mtoni, samaki wa kukaanga, pilipili ya kusaga. Mimi nilileta ndizi za kuchemsha. Tulikula mlangoni upande wa migomba, sisi watatu, na Bi Mwanaesha alinirekebisha maneno yangu bila kunicheka. Kiswahili ninachoandika leo nilikijenga kwenye mlango ule, na kwenye zile trei, kwa maana mtu hawezi kupanga neno herufi moja moja, kinyumenyume, kichwa chini, asilijue.

Chini kabisa ya kabati, katika trei iliyofunikwa kitambaa, zilikaa herufi tofauti na nyingine zote. Zilikuwa kubwa na nene, na hazikusimama wima. Zote zilikuwa zimeinamia mbele, upande wa kulia. Na kila moja ilikuwa na visigino vya mraba, vizito kama matofali, hata herufi ambayo ungetarajia iishie kwa ncha nyembamba. Siku ya kwanza Fundi aliponifunulia alinichukua dirishani, akanionyesha watu wanaovuta feri. Feri ya Garsen wakati huo ilivutwa kwa mikono. Wanaume walisimama mstari mmoja, wakaikamata kamba, wakaegemea mbele kwa mwili mzima, na nyayo zao zikauma mbao ili wasiteleze. “Tazama miguu yao,” akaniambia, “kisha tazama hizi.” Nikatazama, nikaona. Tangu siku hiyo tuliziita wavuta-kamba, na sikumbuki kama nilipata kujua jina lao halisi. Zilikuwa zimetengenezwa Ulaya kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo haili K kama yetu. Tulikuwa na K tatu tu za aina ile, na moja imevunjika kisigino. Serikali ilipoleta tangazo la ugonjwa wa kuku, likianza na maneno KUKU WAKIKOHOA, Fundi alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akaandika HOMA badala yake.

Sheria ya wavuta-kamba ilikuwa moja. Zilitumika kwa neno moja tu katika tangazo, na kwa jambo ambalo mtu au mnyama anaweza kufa kwalo. SUMU, kwenye karatasi ya dawa ya kuoshea ng'ombe. MAMBA, kwenye karatasi iliyobandikwa mahali pa kuchotea maji, baada ya mama mmoja kuchukuliwa. HATARI, mwaka ule lilipozuka gonjwa la mifugo. Maneno mengine yote yalipangwa kwa herufi za kawaida, zile zilizosimama wima na kunyamaza. Mimi niliona sheria hiyo ni choyo. Nilikuwa kijana, na herufi zile zilikuwa kitu kizuri kuliko vyote chumbani. Basi kwaya ya kanisa ilipotuma watu kuchapisha kadi za mwaliko, na Fundi akiwa amekwenda Kipini kwa siku tatu, nilipanga KARIBUNI NYOTE kwa wavuta-kamba, herufi kumi na tatu zote zikikimbilia kulia. Nilijivunia sana. Kadi zikagawiwa vijijini. Siku ya sherehe watu walikuja nusu, na baadaye tukasikia kwamba bibi mmoja upande wa Kilelengwani, asiyejua kusoma, alipoiona kadi aliwaficha mbuzi wake kwenye ghala la mpunga siku mbili, akidhani serikali inakuja kuwachoma kwa ugonjwa.

Watu walicheka. Fundi aliporudi hakucheka. Aliweka kadi mezani, akasema: “Raheli, hizi hazisemi. Hizi zapiga kelele. Mtu akipiga kelele kila siku, siku nyumba yake ikishika moto nani atatoka?” Akazifuta moja moja kwa mafuta ya taa, akazirudisha katika trei, akaifunika. Nikakasirika moyoni. Nilijiambia kwamba bibi wa Kilelengwani alikuwa mjinga tu na kwamba dawa ya ujinga ni shule. Leo naona nilikuwa nimepewa habari ya thamani nikaitupa. Yule bibi alikuwa ameisoma karatasi. Aliisoma kwa njia ambayo mimi, mwenye shule, sikuijua kuwa ni kusoma.

Masika ya mwaka huo yalianza vibaya. Kwetu mvua ilikuwa ya kawaida, lakini bara ilinyesha bila kupumzika, na maji ya bara ndiyo yanayotuua sisi huku chini. Mto ulibadilika rangi, ukawa kama chai ya maziwa, ukaanza kushusha miti mizima na mizizi yake. Kisha usiku mmoja mti ukaipiga kamba ya feri ikakatika, na asubuhi feri ikakutwa imefungwa ukingoni kwa minyororo, haiendi popote. Hiyo peke yake ingekuwa usumbufu tu. Hatari ilikuwa kwa wafugaji. Ule ni wakati ambao Waorma huondoa ng'ombe bondeni, kabla mafuriko hayajawafungia kwenye tope na mbung'o, kwenda kwenye malisho ya nchi kavu ng'ambo ya mto. Feri isipokuwapo, huwaogelesha. Na mto wa namna ile haumwachi ng'ombe, wala mtu aliyemshika mkia.

Karani wa ofisi ya serikali alikuja mwenyewe, soksi zake ndefu zimejaa tope, ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ilisema: Feri imesimama. Msivuke kwa mitumbwi au kwa kuogelea na mifugo hadi mtakapotangaziwa. Alitaka karatasi sitini, kabla ya adhuhuri. Fundi alikuwa amelala nyumbani siku ya tatu kwa homa ya malaria, hajui asubuhi wala jioni. Karani aliniangalia juu hadi chini, akauliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Na kweli niliweza karibu kila kitu. Nilipanga maneno yote kwa herufi za kawaida, na neno moja, MSIVUKE, kwa wavuta-kamba, kama sheria ilivyotaka. Neno lilikuwa refu. Nililibana kwa shida likaingia. Nikachapa karatasi moja ya kujaribu, nikaisoma yote, kila herufi ilikuwa mahali pake. Kasoro ilikuwa moja: S ilitoka hafifu, kwa sababu uso wake ulikuwa umeziba wino mkavu. Basi nikafungua fremu, nikaichomoa S, na I iliyokuwa imeshikana nayo, nikaziweka kwenye kizingiti cha dirisha nizisafishe kwa mafuta ya taa.

Hapo Bi Mwanaesha akaita kutoka nje. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Fundi alikuwa anaweweseka, anataka kutoka kitandani kwenda kazini, na Bi Mwanaesha peke yake hamwezi. Nilikimbia. Tulimshika pamoja, tukamlaza, tukamwekea kitambaa cha maji kifuani, naye akanitazama bila kunijua, akawa anaita jina la mtu wa Mombasa. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa hivyo. Alipotulia nikarudi kazini mbio, jua limeshapanda, na kichwani nina jambo moja tu, adhuhuri. Nikaliona neno limelegea kwenye fremu. Nikajaza nafasi pembeni kwa vipande vya risasi, nikakaza kabari. Safari hii likakaa vizuri, bila kubanwa, kama mtoto kwenye mbeleko. Nakumbuka furaha niliyoipata kwa jinsi lilivyokaa. Sikusoma tena, kwa kuwa nilikuwa nimeshasoma. Nikachapa sitini. Karani akapiga mhuri wake juu ya kila moja, naye hakusoma, kwa kuwa maneno yalikuwa yake. Askari mmoja akapewa karatasi ishirini aende nazo chini ya mto, mwingine akapewa ishirini aende juu, na zilizobaki zikakaa ofisini.

Nikachukua moja ya zile nilizojichapia za ziada, nimpelekee Fundi aione akizinduka. Alikuwa amezinduka. Homa ilikuwa imemwachia kidogo, ameegemezwa ukutani, anakunywa uji. Alivaa miwani, akaishika karatasi mbali, kisha karibu. Akapitisha kidole chini ya lile neno kubwa. Kisha akanirudishia.

“Soma,” akasema.

Nikasoma: feri imesimama, msivuke kwa mitumbwi.

“Soma kilichoandikwa. Usisome ulichotaka kuandika.”

Nikaangalia tena. Feri imesimama. MVUKE kwa mitumbwi au kwa kuogelea na mifugo hadi mtakapotangaziwa. Lilikuwa limekaa katikati ya karatasi, jeusi, limeinamia mbele kwa nguvu zake zote, likiamuru watu waingie mtoni. Na juu yake mhuri wa serikali. Sijui nilitoa sauti gani. Bi Mwanaesha aliyekuwa jikoni alikuja mlangoni na mwiko mkononi.

Fundi hakunigombeza. Nadhani hakuwa na nguvu, au aliona hakuna muda. Aliniuliza S na I ziko wapi, nikasema kizingitini. Akaniambia nizifunge pamoja kwa uzi, niende kwa karani nikamwambie yote bila kumficha, nimwombe kile kisahani chake cha wino wa mhuri, kisha kila karatasi tutakayoipata tuipige zile herufi mbili kwa mkono, juu ya neno, kati ya M na V. Alisema kuchapa upya ni saa nzima, na mtu huzama kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Nikatoka. Karani aliposikia alikaa chini, akavua kofia, akasema kwa sauti ndogo kwamba ana watoto wanne. Kisha akasimama, na lazima nimpe haki yake: hakupoteza dakika nyingine kujihurumia. Alituma mtu na baiskeli kumfuata askari wa chini, naye alikutwa bado yuko karibu, amekaa kwa shemeji yake akinywa chai, karatasi zote ishirini mkobani. Sikupata kumpenda mvivu yeyote kama nilivyompenda askari yule. Lakini wa juu alikuwa mwenye bidii. Alikuwa ameondoka kitambo, na njia aliyoishika ilielekea kwenye kivuko cha ng'ombe.

Tulikwenda sisi wawili, mimi na karani, kwa miguu. Baiskeli yake aliisukuma nusu saa, tope likamshinda, akaiacha imelala kwenye matete. Nilishika S na I kwenye kiganja muda wote. Nilizibana hata visigino vyake vikanichora ngozi. Karani alikuwa akisema peke yake njiani. Alipanga atakavyojieleza kwa bwana mkubwa, akapangua, akapanga tena. Mimi sikuwa na la kupanga. Nilikuwa nikiona vichwa vya ng'ombe juu ya maji, pembe tu, halafu hata pembe hazipo. Njiani tulikuta karatasi tatu zimebandikwa kwenye vijiji vya Wapokomo, na kila moja nikaipiga SI kwa mkono, imepinda, wino umevuja, lakini inasomeka. Watu wa hapo hawakuwa wamevuka. Walituambia mto wenyewe uliwaambia wasivuke, hawakuhitaji karatasi. Nikapata matumaini kidogo. Kisha wakasema asubuhi waliwaona Waorma wakipita na kundi kubwa, wanaelekea kivukoni.

Tulifika alasiri. Kivuko kilikuwa kitupu. Karatasi ilikuwa imepigiliwa kwenye shina la mkindu, inapepea. Chini yake tope lote lilikuwa limevurugwa kwa kwato, mamia ya kwato, na mimi niliona zile zilizoteremka majini tu. Ng'ambo sikuona chochote ila matete yaliyolala na maji yanayopita kwa kasi. Karani aliita, sauti yake ikapotelea mtoni. Mimi nilikaa chini pale pale topeni. Sikulia. Nilikuwa najaribu kukumbuka sala yoyote, sikuipata hata moja, na jambo la ajabu ni kwamba macho yangu yalikuwa yakilitazama lile neno kwenye mkindu na kuona jinsi lilivyochapwa vizuri.

Karani ndiye aliyesikia kengele. Zile kengele za mbao za ng'ombe, sauti yake nzito, nyuma yetu. Tukapanda kichakani, tukatokea kwenye kilima kidogo cha nchi kavu, na hapo palikuwa na kundi zima, limelala linacheua, na moshi wa moto, na wanawake wanakamua. Kijana mmoja mrefu alikuja na fimbo mabegani. Huyo ndiye Galgalo. Niliuliza kabla hata ya kumsalimu kama kuna mtu aliyeingia mtoni. Akasema hapana, wote wako, hata ndama. Karani akageuka, akatuonyesha mgongo kwa muda, akajifuta uso kwa kofia.

Alitueleza kwa Kiswahili chake, na sitakitengeneza, kwa kuwa hakikuwa na kasoro yoyote iliyonizuia kuelewa. Mchana walifika majini, ng'ombe wa mbele wameshalowa magoti. Askari akaja, akapigilia karatasi, akaondoka haraka. Miongoni mwao hakuna ajuaye kusoma. Kulikuwa na mzee mmoja Mpokomo mwenye mtumbwi, yuko pale kando ya moto hata sasa, amenuna, huyo aliwasomea. Akawaambia serikali imetoa ruhusa, imeandikwa mvuke, leteni watoto na wanawake niwavushe. Galgalo akaenda mwenyewe kuitazama karatasi. Kisha akawarudisha ng'ombe juu.

Nikamuuliza kwa nini, kama alisomewa kwamba avuke.

“Mimi hapana jua kusoma,” akasema. “Lakini ile maandiko ya kuinama, mimi najua. Ilikuwa Garsen, ng'ombe ya baba yangu nakufa. Ilikuwa pale kwa maji, mama ya watu nachukuliwa na mamba. Hii maandiko hapana kuja na mambo mazuri. Mzee nasoma vuka. Mimi naona kufa.”

Nilicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, mpaka wanawake wakaacha kukamua wakanitazama. Mmoja akaja na kibuyu akanipa maziwa, naye hakujua nacheka nini, ila aliniwekea mkono mgongoni mpaka nikamaliza kunywa. Kisha tukateremka wote hadi kwenye mkindu, nikachovya herufi zangu mbili kwenye wino, nikazipiga juu ya neno mbele yao. Mzee wa mtumbwi akasogea, akasoma kwa sauti, akasimama. Akasoma tena kwa midomo tu. Halafu akaenda kuuvuta mtumbwi wake juu zaidi, mbali na maji, akaufunga mara mbili.

Karani hakuandika taarifa yoyote, nami sikumwomba aandike. Bwana mkubwa wake hakujua, na karatasi zilizobaki, pamoja na zile ambazo askari wa juu alirudi nazo bila kuzibandika, alizichoma mwenyewe. Kwa Fundi nilirudi kesho yake nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye jua, blanketi mabegani. Bi Mwanaesha alikuwa ameshasikia habari kutoka kwa watu wa feri, kwa hiyo hapakuwa na la kusimulia. Nilimpa kifurushi nilichofungia zile herufi. Akakifungua, akaikuta S peke yake. I ilikuwa imeniponyoka wakati wa kurudi, mahali fulani topeni. Akaigeuza S kwenye mwanga, akaipuliza.

“Si neno,” akasema. “I tutaweka tarakimu ya moja. Nayo yainama.” Kisha akaninyooshea bakuli la uji.

Nilisubiri aseme zaidi, kuhusu kosa, kuhusu wale watu. Hakusema siku ile wala baadaye. Lakini kuanzia wiki hiyo, kila karatasi ya kujaribu iliyotoka mtamboni, hata iwe ya kwaya, hata iwe imesomwa mara tatu, tuliisoma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, yeye herufi moja, mimi herufi moja, ili pasiwe na maana ya kutudanganya. Miaka yote niliyofanya kazi hiyo, na nimeifanya mingi baada yake, sijapata kuacha. Nimeziona pia herufi za ukoo ule zikienea kila mahali. Ziko kwenye mabango ya soda, kwenye sumu ya panya, kwenye picha za wagombea wanaocheka, maneno kumi kwa mpigo, yote yanavuta kamba na hakuna feri. Sikasiriki. Najiuliza tu siku moja tukihitaji kupiga kelele ya kweli tutaipiga kwa herufi gani.

Mto ulikaa juu wiki nyingi. Wengine walipoteza mpunga, lakini mtu hakupotea upande wetu. Ng'ombe wa Galgalo walikonda pale kilimani na mbung'o wakawasumbua, ila waliishi. Kisha maji yakaanza kushuka, kidogo kila siku, yakiacha mstari kwenye miti, na kamba mpya ikaletwa kutoka Mombasa. Karani akaja tena na karatasi. Safari hii alisimama pale pale mezani mpaka mwisho, akasoma kila neno kwa kidole. Ilisema feri inafanya kazi, vukeni. Nilikwenda kwenye trei ya chini kwa mazoea, nikainua kitambaa. Fundi akanizuia. Akasema vukeni ni neno la amani, lisimame wima kama mengine. Basi nikalipanga kwa herufi za kawaida, dogo, katikati ya sentensi, na ilikuwa ni lazima usogee karibu ulione.

Siku ya kwanza ya kuvuka tuliacha kazi sote watatu tukasimama dirishani. Malori yaliachwa nyuma, ng'ombe wakatangulizwa. Walipandishwa feri kwa mafungu, wavutaji wakaikamata kamba mpya, wakaegemea, na ile feri nzito ikajikokota juu ya maji yaliyokuwa yameshapoa. Ng'ombe wakubwa walishuka ng'ambo wakikimbia kwenda kwenye majani. Galgalo alikuja na fungu la mwisho, la ndama. Walipofika ng'ambo, mmoja wao, mwekundu, aligoma, akateleza kutoka kwenye ubao akaangukia maji ya ukingoni. Nikashika kizingiti cha dirisha. Maji yalimfika tumboni tu. Galgalo alimsukuma kwa goti, naye akapanda ukingo kwa miguu yake minne, akasimama juani, akajikung'uta.